Kikopo Ndani ya Kiatu cha Kulia

Pongwe, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Zefania,

Barua hii nimeikunja na kuisokomeza ndani ya kiatu chako cha kushoto, kwa kuwa nakujua: wewe jambo hulikumbuki mpaka likubane. Ukiikuta usimwite mama yako. Kaa kitandani uisome. Na kiatu cha kulia usikiguse mpaka umefika mwisho, maana nacho kina mambo yake.

Sitakuandikia habari za soksi, wala za chandarua, wala za kutonunua vitu vya kukaanga dirishani treni inaposimama. Hayo mama yako amekuhubiria tangu adhuhuri, na juu ya mahubiri amekufungia kikapu cha kulisha behewa zima pamoja na dereva. Mimi nina neno moja tu. Na kwa kuwa ni moja, litachukua kurasa nyingi. Baba yako unamjua. Neno lenyewe ni kikohozi chako.

Leo mezani nilikutania: "Zefania, mgeni akibisha hodi muda wote huo, si umfungulie?" Mlicheka, nami nikacheka kuwazidi. Lakini mama yako aliponipa mgongo kuchukua maji, niliweka kijiko chini, sikukishika tena. Kikohozi hicho kilianza na mvua za masika. Sasa barabara ya Tanga inatimua vumbi, nacho bado kipo.

Unayoyajua ni haya. Daktari wa mfuko wa matibabu wa mashamba alikuwekea mpira wake mgongoni, akasema ni mafua yaliyochelewa kuaga. Mimi nikapaka makohozi yako kwenye kioo kimoja cha darubini, sikuona kitu. Ukaandikiwa cheti cha afya, na kwa cheti hicho wenye nyumba ya vipimo ya Moshi wakakubali uende ukajifunze kazi kwao. Usilolijua ni kwamba tangu siku ile silali vizuri. Na hofu yangu haitoki kifuani kwako peke yake. Inatoka katika jinsi kile kioo kilivyolipiwa.

Haya, cheka. "Baba ameanza tena na mfuko wake." Cheka uishe, kisha nisikilize, kwa kuwa unakwenda kuishika kazi hii hii, na jambo hili huko hawatakufundisha. Watakufundisha kupaka rangi. Nani anailipia rangi, na anailipia nini, utaachiwa ugundue mwenyewe, kama mimi, na mimi nilichelewa.

Mimi sikuingia kazini kwa akili. Nilishuka kutoka milimani Usambaa kuja kukata mkonge, na mkonge ukanikata mimi. Mnyapara alipoona naharibu majani kuliko ninavyoyafunga, akanipeleka mjini na kikapu cha vikopo vya choo cha wafanyakazi, nivipeleke kwa Bwana Taherali, Mhindi aliyesomea kazi ya vipimo Bombay akafungua nyumba yake Tanga. Nikarudi kesho yake na vikopo vingine, na kesho kutwa. Siku moja Bwana Taherali akasema, "Yohana, kila siku unakuja na kurudi, si ukae tu?" Nikakaa. Ndivyo nilivyopata elimu. Hapa Pongwe wakaniita Bwana Choo, na mama yako, wakati ule binti wa watu, aliombwa na shangazi zake wote afikiri mara mbili. Akafikiri. Nashukuru hakufikiri mara ya tatu.

Bwana Taherali alinifundisha darubini kwa uvumilivu wa mtu anayemfundisha mbuzi kusoma. Nilipoona mayai ya minyoo ya safura kwa mara ya kwanza, nilimwita nikipiga kelele kama nimeokota dhahabu. Akaja, akatazama, akasema, "Hilo ni jivu la sigara yako." Tangu siku ile sivuti. Ninyi mnadhani ni kwa sababu ya dini.

Sasa, mfuko. Ulipoundwa, wenye mashamba kadhaa ya huku kwetu walikata kidogo katika ujira wa kila mtu, nao wakaongeza chao, ili mfanyakazi akiugua mfuko umlipie. Nyumba yetu ikapewa vipimo. Kanuni ya kwanza ilikuwa nyepesi: kila kioo tunachokisoma, tunalipwa. Ee Bwana, tulisoma! Mtu akija na jino, tunampima choo. Akija amejikata panga, tunampima damu aliyokwisha kuimwaga njiani. Wa kikohozi tulimtaka makohozi ya asubuhi tatu, kila asubuhi kikopo chake, na hilo lilikuwa sawa, kwa kuwa vidudu vya kifua kikuu ni wajanja: leo hutoka, kesho hujificha. Lakini tulimtaka hata aliyekohoa mara moja kwa kupaliwa na ugali. Bwana Taherali akanunua darubini mpya, ile nyeusi uliyokatazwa kuigusa ukaigusa.

Wakati ule nilijiona mtu mwema sana. Watu wanapimwa, mimi nalipwa, kuna dhambi gani? Nilikuwa sijaelewa kwamba wema wangu ulikuwa umelipiwa.

Mfuko ukashituka, kama mtu yeyote anavyoshituka akiona mpishi wake ananenepa. Akaja karani wa mfuko, kijana mwenye tai, akatuambia kuanzia sasa watalipia kioo chenye ugonjwa tu. Kisicho na kitu, hasara yetu. Alisema, "Mfuko haununui hewa, bwana." Bwana Taherali akamjibu kwa upole, "Na mimi siuzi ugonjwa, bwana." Wote wawili walikuwa na haki, na wote wawili walikosea, na mimi ndiye niliyekaa katikati na darubini.

Hapo ndipo yakaanza maajabu. Aliyekutwa na safura alipewa dawa, na baada ya dawa akapewa kazi nyepesi, kufagia penye mashine badala ya kukata. Watu si wajinga. Palikuwa na Komba, Mngoni aliyetoka Songea, mkataji hodari, mcheshi kunishinda, naye alikuwa na safura ya uhakika, safura ya kutolea ushahidi. Wenzake wakaanza kuazima choo chake. Usicheke kwa sauti, mama yako ataamka. Asubuhi vilikuja vikopo safu nzima, na ndani ya kila kikopo mna maganda yale yale ya kunde na mbegu zile zile za pilipili. Nikajua mara moja. Nikamwita Komba pembeni.

"Komba, jana ulikula kunde?"

"Nilikula, Bwana Daktari."

"Na pilipili?"

"Nyingi."

"Mbona kambi nzima imekunya chakula chako?"

Akanitazama bila haya. "Sisi huko kambini tunakula pamoja, Bwana Daktari. Ni umoja."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Na baada ya kucheka, mwanangu, nikafanya nini? Nikavisoma vyote, nikaandika safura kwa vyote. Kila kimoja kilikuwa na mayai kweli. Sikusema uongo hata neno moja. Mfuko ukalipa, nyumba ikapata, watu wakapumzika, Komba akawa mfalme wa kambi. Nilikuja hapa nyumbani nikawahadithia, nawe ulikuwa mdogo, ukaanguka mkekani kwa kucheka.

Sehemu niliyoiacha katika hadithi ni hii. Dawa ya safura ya siku zile ilikuwa kali, ya kunywa tumbo likiwa tupu, na wale wasio na safura waliinywa pia. Mmoja alizirai njiani. Alipona, namshukuru Mungu, lakini hadithi yangu ilikuwa inachekesha zaidi bila yeye, basi nikamtoa.

Likafuata jingine baya zaidi, kwa sababu hilo halikuwa na mtu wa kumsingizia. Jicho langu likaanza kuona. Damu ya mtu mwenye homa, kioo kisafi, nami nakizungusha, nakizungusha, mpaka kidoa cha rangi kinaniwia malaria. Nisingeapa kwamba si malaria. Ndio ubaya wake: hudanganyi, unatazama tu mpaka uone. Komba alikuja na homa yake, nikampima nikampa jibu. Akaja tena baada ya dawa kwisha, nikampima nikaona tena. Mara ya tatu akaja akaegemea dirishani.

"Bwana Daktari, mimi leo sina homa. Nimemsindikiza mwenzangu."

"Basi nikupime, maadamu umefika."

Akaondoa mkono wake mezani taratibu kama anauondoa motoni. "Hapana, kaka. Darubini yako ina njaa."

Alisema kwa utani, na watu benchi zima wakacheka. Nami nikacheka. Lakini neno lile lilinifuata mpaka hapa Pongwe, likakaa nami mezani. Wewe ulikuwa unasoma kwa sauti ukaniuliza maana ya neno fulani, sikukusikia.

Baadaye mfuko ukabadili tena. Hii ndiyo kanuni tuliyo nayo sasa, na huko Moshi wanaianza. Kila mwezi nyumba inapewa fedha zile zile, tupime wengi tupime wachache. Na kwa kikohozi, mfuko unatambua kikopo kimoja. Kile cha pili na cha tatu ni hiari yetu, maana yake ni gharama yetu: rangi yetu, spiriti yetu, macho yetu. Siku ya kwanza Bwana Taherali alifurahi. "Yohana, sasa tutafanya kazi bila kugombana na yule mwenye tai." Na kweli ugomvi ulikwisha. Lakini njaa ya darubini nayo ilikwisha, na aliyeshiba, unajua, hulala.

Zamani tulikuwa tunatafuta sababu ya kupima. Sasa tukaanza kutafuta sababu ya kutopima, na sababu hazikosekani. Huyu ni kijana. Huyu alikuja mwezi uliopita. Huyu anakohoa kwa sababu ya vumbi la mkonge. Hakuna aliyetuamuru. Hata Bwana Taherali hakutuamuru, ila mara moja tu, akiniona napasha rangi nyekundu juu ya vioo vingi, alisema kama anayejisemea, "Kila kioo unachokipaka, Yohana, unakipaka kwa mshahara wako." Kisha akaona haya, akaniletea chai kwa mkono wake mwenyewe.

Komba akaja na kikohozi. Kikopo kimoja. Nikapaka, nikapasha, nikaosha kwa asidi, nikapaka buluu, nikatafuta vijiti vyekundu, ndivyo vidudu vya kifua kikuu. Hapakuwa na kitu. Nikamwambia, "Uko safi, ni vumbi." Akasema, "Leo darubini imeshiba?" Nikamwambia aende zake, mtani mkubwa we. Akaenda. Akarudi kwenye mkonge, akalala kambini na wenzake, akakohoa. Mwisho akazidiwa, akaacha kazi, akaenda Mwera kwa wakwe zake, ng'ambo ya Pangani.

Yule mtu aliyetuletea nazi mwaka jana ndiye Komba. Ulimpokea mzigo ukasema, "Shikamoo mzee," akashituka, maana si mzee. Mimi na yeye tu marika. Uliniuliza jioni kwa nini sikula wali, mama yako amekuna nazi mbili nzima. Nikasema tumbo. Haya, lilikuwa hili.

Tulikaa kibarazani. Nikamwambia amekonda.

"Nimenenepa hivi, Bwana Daktari. Ungeniona kabla!" Akanieleza kwamba huko ng'ambo alitakiwa makohozi asubuhi tatu. Asubuhi ya kwanza hawakuona kitu. Ya pili wakaona. Akachomwa sindano miezi na miezi. Mkewe alikuwa salama. Mtoto wao mdogo naye alichomwa.

Nikaanza kuzihesabu zile nazi, nikazihesabu tena. Yeye akawa ndiye wa kunituliza, fikiri aibu niliyoipata. "Kile kioo changu ulikitazama vizuri?"

"Nilikitazama."

"Kilikuwa na kitu?"

"Hakikuwa na kitu, Komba. Naapa."

"Basi usiumie, kaka. Nililipiwa kioo kimoja, nikapimwa kioo kimoja." Akaokota nazi moja katika zile alizoleta, akaitikisa sikioni kama afanyavyo kila mtu sokoni. "Ila hata nazi, ukinunua fungu, hutikisi moja ukaenda zako."

Akacheka. Alikuwa bado na kicheko kile kile, mwili tu ndio uliopungua.

Sasa tuje kwako.

Daktari alipokuandikia upimwe, mimi mwenyewe ndiye niliyekuletea kikopo. Ulikohoa, ukakifunika, ukanipa, ukasema, "Baba, usiandike safura." Nikaenda nacho mjini. Nikakipaka rangi kwa mikono yangu, na nakuambia kweli nilimwaga spiriti mezani, Bwana Taherali akauliza kama nataka kuichoma nyumba yake. Nikakaa darubinini. Nilitazama kama kanuni inavyotaka, sikupunguza. Lakini nakumbuka vizuri kilichokuwa moyoni mwangu. Zamani moyo ulikuwa unasema, onekana, onekana. Siku ile ulisema, usionekane. Kila nikisogeza kioo nafumba kidogo kabla ya kufumbua. Nilipofika mwisho nilishusha pumzi kama mtu aliyevuka mto, nikaandika hakuna kitu. Na sikuona kitu, Zefania. Hilo ni kweli. Lakini nimekwisha kukuambia jinsi jicho langu lilivyo: huona linacholipwa kuona. Siku ile lilikuwa linalipwa na wewe. Na cheti chako, na Moshi, na mama yako aliyekwisha kushona mashati.

Halafu likaja lile ninaloandikia barua yote hii.

Bwana Taherali alisimama nyuma yangu. Akasema, "Yohana, mtoto ni wako. Pima na asubuhi mbili zilizobaki. Rangi ni yangu, mimi sisemi kitu."

Unaona? Yule ninayemsema kila siku kwa ubahili, alinifungulia mlango. Na mimi, ninayejisifu kwenu kwa kucheka na kila mtu, nikajibu kwa sauti ya kanisani, "Hapana, Bwana. Kanuni ni kanuni. Mwanangu si bora kuliko wafanyakazi wa mkonge."

Alinisifu. Alisema hajaona mtu mwaminifu kama mimi. Jioni ile nilitembea mpaka kituo cha basi nikiwa mrefu kuliko kawaida. Basi lilikuwa limekwisha kupita Kange ndipo nikajijua. Si uaminifu ule, mwanangu. Ni woga. Nilijificha nyuma ya kanuni kama mtoto nyuma ya khanga ya mama yake, kwa sababu kikopo cha pili kingeweza kuwa kama cha pili cha Komba. Kanuni inayowanyima wengine, mimi nilishukuru kuwa nayo. Nilimpima mwanangu kiasi unacholipa mfuko.

Tangu hapo nimetaka kukuambia kila siku, na kila siku ukikohoa nakutania. Ukiona baba yako anachekesha sana, mara nyingi ndani hamna raha. Hiyo nayo uichukue kama urithi. Mali nyingine sina.

Huko Moshi sitakupa amri kumi. Nakuomba tu, ukikaa mbele ya darubini, jiulize leo ina njaa au imeshiba, na nani aliyeilisha. Kanuni zitabadilika tena. Watakuja wenye tai wengine na hesabu nyingine, na wengi wao watu wazuri, fedha ni za watu na lazima zilindwe. Utalipwa hivi, utalipwa vile. Mtu aliye benchini na kikopo chake mkononi hatajua lolote katika hayo. Yeye anajua umemwambia yuko safi.

Haya, sasa toa kilichomo katika kiatu cha kulia.

Ni vikopo viwili, kimoja ndani ya kingine, nimevichemsha mwenyewe. Sikuandika jina. Nikiviandika Zefania, yeyote atakayevisoma pale atataka usiwe na kitu, wanakupenda mno wale. Nitampa Bwana Taherali avisome yeye, sitamwambia ni vya nani, na nitavilipia mfukoni mwangu bei ya mtu wa njiani, si bei ya mfuko wala bei ya bure. Hata hicho cha bure nimekiogopa siku hizi. Nataka kisomwe kama kioo cha mtu asiyekuwa na baba.

Ila vikopo viwili ni asubuhi mbili, na treni ni moja, ya kesho. Nyingine ni Jumatatu. Huko Moshi utachelewa kufika, na huenda wakakasirika, na huenda nafasi akapewa mwingine. Sikufichi, yupo kijana mwingine walimtaka. Mama yako atalia, si kwa ugonjwa, kwa maandazi aliyokwisha kuyafunga kikapuni. Pia nimefikiri ukajipimie huko huko. Lakini huko utalala chumba kimoja na vijana wenzako, na cheti chako kinasema u mzima, tena kwa kipimo cha baba yako. Nani atakuuliza tena?

Nataka uende, Zefania. Sijui kama wewe mwenyewe unataka kama ninavyotaka mimi. Nimekwisha kuwaambia watu wote wa Pongwe, mpaka wauza dagaa. Ndiyo maana katika jambo hili usiutegemee uso wangu, kwa kuwa asubuhi nitakuwa natabasamu na kuuliza sanduku liko wapi. Mimi ni shahidi aliyelipwa.

Na kama kikopo kitasema neno, basi tumelisikia mapema. Siku hizi zipo sindano, si kama zamani za babu yako. Komba anapanda minazi. Nitakupeleka mwenyewe, nami nitakaa benchini na wengine, nikitaniwa na wauguzi, nione utamu wake.

Kama utaamua kubaki, kohoa kabla ya chai, kabla hujasukutua, utoe cha ndani kabisa, si mate; ukinipa mate nitakurudisha kama ninavyowarudisha wengine. Kama utaamua kwenda, vaa viatu vyako, vikopo uviache kitandani, sitakulaumu, na hadithi hii nitaikalia mwenyewe kama nilivyoikalia mpaka sasa. Unao umri wa kuamua. Nilikuamulia kikopo cha kwanza, unaona kilivyokuwa.

Kukicha nitakuwa uani. Nitajifanya namtafuta yule kuku mweusi anayetagia kwa jirani. Mama yako atakuita unywe chai, nawe utatokea mlangoni. Sitakuuliza lolote, wala sitakutazama usoni, kwa sababu usoni tutataniana.

Nitatazama miguu yako, kama imevaa viatu au i mitupu.

Baba yako,
Yohana